Je, tuuze mikarafuu ya urithi ili mdogo wangu akatibiwe Dar mwaka mzima?

"Mimi ni mkubwa wa ndugu watano, naishi Wete. Mdogo wetu wa mwisho ni mwanamke wa miaka 23. Tangu yuko skuli hasira zake na huzuni zake zilikuwa kubwa kuliko za wenzake, lakini alipokwenda kusoma Dar es Salaam mambo yaliharibika. Mtu akimpenda, Jumatatu ni malaika, Alkhamisi ni adui. Alichumbiwa, uchumba ukavunjika kwa ugomvi wa simu wa usiku mmoja. Mwaka huu amejikata mkono mara nne, na mara moja alimeza vidonge vingi tukamkimbiza hospitali. Mwanzo tuliambiwa ana baipola akapewa dawa. Daktari mwengine akasema hii ni BPD, yaani maradhi ya haiba na hisia, na tiba yake ni mazungumzo yanayoitwa DBT, mwaka mzima. Nimetafuta kwenye simu nikakuta na nyengine: MBT, tiba ya skima, na nyengine ya uhamisho. Pia nimesoma kwamba maradhi haya hayaponi. Mama anasema ni ruhani, anataka asomewe. Mjomba anasema anadeka, tukimpuuza ataacha. Tuna mikarafuu ya marehemu baba, tumeshauriana tuiuze apangiwe chumba Dar. Ipi kati ya tiba hizi ndiyo yenye nguvu? Na je, tuuze?"

Dada yangu,

Nianze na mikarafuu, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Msiiuze bado. Tiba ya mazungumzo inafaa kwa maradhi ya mdogo wako, tena inafaa kuliko kitu chengine chochote kinachojulikana leo, na daktari aliyewaambia hivyo amewaambia kweli. Lakini swali lako la ipi yenye nguvu lina jibu ambalo pengine hukulitarajia, na jibu hilo likieleweka, hesabu ya fedha nayo inabadilika. Nitalifikia.

Kabla yake lipo moja la kufanywa leo, magharibi isiingie. Vidonge vyote vilivyomo nyumbani, vya presha vya mama, Panadol za watoto, na dawa za kunyunyizia shamba kama zipo, vifungiwe au vipelekwe kwa jirani. Dawa zake mwenyewe agaiwe za siku chache chache. Mtu ambaye hisia zake hupanda ghafla mara nyingi huokolewa na kule kukosa kitu karibu katika ile nusu saa mbaya. Mwambieni waziwazi kwa nini mnafanya hivyo. Akigundua mmefanya kwa siri atasoma kwamba hamumwamini.

Sasa jina. BPD ni kifupi cha Kiingereza cha "borderline personality disorder". Neno la asili, "borderline", lina maana ya "mpakani", na lilitumiwa na daktari wa Marekani, Adolph Stern, mwaka 1938, kwa wagonjwa walioonekana kukaa kwenye mpaka baina ya aina mbili za maradhi ya akili zilizojulikana zama zile. Likaingia katika mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 na limebaki ingawa maana yake ya mwanzo imekwisha kazi. Kwa Kiswahili husemwa ni tatizo la haiba, na hapo watu wetu huumia, kwa sababu haiba kwetu ni sifa. Bwana harusi akiwa na haiba ni jambo la kujivunia. Msichana akiambiwa haiba yake ni mbovu husikia kwamba yeye mzima ni mbovu. Sivyo. Kilicho na hitilafu ni namna hisia zinavyopanda na kushuka, na namna anavyowasoma watu anaowapenda.

Wewe umekulia penye minazi, kwa hiyo unaijua tofauti ya moto wa makuti na moto wa makumbi. Makuti makavu yakiguswa na cheche huripuka papo hapo, ndimi zikafika paani. Makumbi hushika polepole, lakini yakishashika hayazimiki. Utamwaga maji jioni, asubuhi bado yanafuka. Hisia za mdogo wako zina tabia ya mioto yote miwili. Zinashika kwa cheche ndogo, zinapanda juu sana, na zinachelewa kushuka. Neno ambalo wewe ungelisahau kabla ya adhuhuri, kwake linafuka mpaka keshokutwa, na kabla halijazima cheche nyengine imeshaanguka.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa namna inayonisaidia zaidi kazini. Mtu huzaliwa na wepesi huo wa hisia, kisha akakulia mahali ambapo hisia zake zinakanushwa kila siku: usilie, mbona wenzio hawafanyi hivyo, unadeka. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mawili. La kwanza, kwamba anachohisi si cha kweli. La pili, kwamba hasikilizwi mpaka kelele iwe kubwa. Usiyapeleke maneno haya kwa mama yako kama hati ya mashtaka. Mama mwenye watoto watano, mmoja wao ana moto wa makuti na wanne hawana, humlea kama alivyowalea wale wanne, kwa mapenzi yale yale. Wapo wagonjwa wengi waliodhulumiwa utotoni, kwa kupigwa au kuingiliwa, na wapo ambao hawakudhulumiwa. Msimhoji. Akiwa na la kusema atamwambia mtaalamu wake siku atakapomwamini.

Na kujikata? Wengi wanaojikata hufanya hivyo kwa sababu maumivu ya mwili huyashusha ya moyo kwa muda mfupi, na kitu kinachotuliza hata kwa dakika chache hurudiwa. Ndiyo maana wengi wao huvaa mikono mirefu wakaficha. Anayetafuta kuonwa hafichi. Basi umwambie mjomba, kwa heshima yake yote, kwamba hili la kudeka halisimami.

Kuhusu baipola, usimlaumu sana daktari wa mwanzo, maana maradhi haya mawili huchanganywa kila mahali duniani. Kipimo changu cha kwanza ni saa. Mtu wa baipola akipanda hukaa juu siku kadhaa au wiki, hata kama hakuna aliyemuudhi, analala saa mbili tatu na asubuhi hana uchovu. Mtu wa BPD anaweza kupanda na kushuka mara tatu baina ya alfajiri na isha, na karibu kila mara ukifuatilia utakuta kuna mtu nyuma yake: kaachwa, au kadhani anaachwa. Wapo wenye yote mawili. Kwa hiyo dawa alizopewa zisikatwe ghafla wala zisikatwe na ninyi. Daktari wa sasa ndiye aziangalie. Ujue tu kwamba hakuna dawa iliyothibitishwa kuwa ni ya BPD yenyewe. Uingereza walijaribu lamotrijini, dawa ya kifafa na baipola, kwa watu 276, matokeo yakatoka mwaka 2018, na baada ya mwaka mmoja waliokunywa dawa hawakuwa wazuri kuliko waliokunywa kidonge kitupu. Dawa huweza kumsaidia ikiwa pembeni kuna sonona au usingizi umepotea. Moto wenyewe haiuzimi.

Uliposoma kwamba maradhi haya hayaponi ulisoma maneno ya zamani. Mary Zanarini na wenzake katika hospitali ya McLean huko Marekani waliwafuata wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa, yaani waliozidiwa. Katika miaka kumi, 93 kati ya kila 100 walipitisha angalau miaka miwili mfululizo bila kutimiza tena vigezo vya maradhi haya. Siwezi kukuficha upande wa pili wa utafiti huo huo: waliopona kikamilifu, wakawa na kazi au masomo na watu wa kuishi nao vizuri, walikuwa nusu tu. Kujikata huondoka mapema. Upweke na maisha yaliyokwama huchelewa. Shika hilo, nitalirudia.

Haya, tiba zenyewe.

DBT ndiyo inayotajwa zaidi kwa sababu imepimwa kuliko wenzake. Linehan alichapisha jaribio la kwanza mwaka 1991. Jina lake refu, tiba ya tabia ya kidayalektiki, linatisha bure. Maana yake ni kushika mawili yanayovutana kwa pamoja, kwamba unakubalika ulivyo na kwamba huna budi kubadilika. Tiba kamili ina miguu minne. Kila wiki mgonjwa hukaa na mtaalamu wake faragha kwa saa moja hivi. Kila wiki huingia pia darasa la stadi pamoja na wenzake, saa mbili au zaidi. Katikati ya wiki moto ukishika, anaruhusiwa kumpigia mtaalamu simu akumbushwe stadi ya saa ile. Mguu wa nne wagonjwa hawauoni: wataalamu wenyewe hukutana kila wiki kuinuana, kwa sababu kazi hii inachosha, na mtaalamu aliyechoka huanza kumkasirikia mgonjwa bila kujijua.

Darasani hufundishwa mambo manne: kuwa macho na wakati uliomo, kustahimili dhiki bila kuizidisha, kuongoza hisia, na kuishi na watu. La kwanza Linehan alilichota katika mazoezi ya Zeni, njia ya Kibudha, na familia za hapa zikisikia hivyo hushituka. Ninachofundisha mimi hakina ibada ndani yake. Nawaambia wagonjwa wangu neno wanalolijua tangu madrasa, khushuu: mwili upo hapa, moyo nao uwe hapa, na ukikimbia urudishwe bila kujipiga. Hakuna aliyeshindwa kunielewa. La pili lina mbinu nyingi, mojawapo ni kutia uso katika maji baridi huku pumzi imezuiwa kwa muda, kwa asiye na maradhi ya moyo. Mapigo ya moyo hupungua na kichwa hupata nafasi. Waliokulia visiwani hawashangai, maana mtu aliyeghadhibika kwetu huambiwa akatie udhu.

La nne, la kuishi na watu, ndilo linalotaka akili zaidi huku kwetu. Vitabu vya Seattle vinamfundisha mtu kukataa na kuomba anachotaka uso kwa uso. Sisi tuna muhali. Mdogo wako anaombwa jambo na shangazi, hawezi kulikataa, anasema sawa, anakwenda kulia chumbani, halafu usiku anamripukia mtu mwengine kabisa. Kumwambia "jifunze kusema hapana" ni kumwambia awe mtu wa kwengine. Tunachofanya ni kutafuta pamoja maneno ya kukataa ambayo shangazi atayapokea, "niwie radhi shangazi, leo sitaweza, Jumamosi nitakuja", na kuyarudia kwa sauti mpaka yatoke bila kutetemeka. Mtaalamu asiyejua muhali ni nini anaweza kuwa na vyeti vyote na bado akampoteza mgonjwa wa Wete.

Jambo moja zaidi juu ya Linehan, nalitaja kwa ajili ya mdogo wako. Mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa katika hospitali ya akili akiwa msichana wa miaka 17, akijiumiza. Tiba hii imetungwa na mtu aliyepita humo humo. Mwambie.

MBT imetoka London kwa Anthony Bateman na Peter Fonagy. Yenyewe inasema tatizo kubwa ni kupoteza uwezo wa kukisia yaliyomo moyoni, mwangu na mwa mwenzangu, pale hisia zinapopanda. Ujumbe umepelekwa, tiki mbili za buluu zimetokea, jibu halikuja. Wewe utasema labda yuko njiani. Yeye anajua, hadhani, anajua kwamba amechukiwa. Mtaalamu wa MBT hamfundishi stadi, humpunguzia kasi. Hebu turudi nyuma, kabla hujajua kwamba anakuchukia ulikuwa unahisi nini? Kuna maelezo mengine? Huyarudia hayo mwaka na nusu. Walipowapima wagonjwa wao 41 miaka minane tangu waanze, waliopata MBT ni 13 tu kati ya kila 100 waliokuwa bado wanatimiza vigezo vya maradhi, na waliopata huduma ya kawaida ni 87. Ni tofauti kubwa sana, ingawa kundi lilikuwa dogo.

Tiba ya skima, yaani mifumo ya fikra na hisia iliyojengeka tangu utotoni, ni ya Jeffrey Young. Huenda chini zaidi, utotoni, ikimtafuta yule mtoto aliyeachwa ambaye bado analia ndani ya mtu mzima, na mtaalamu humpa, kwa mipaka, malezi aliyoyakosa. Ile uliyoiona ya uhamisho ni ya Otto Kernberg wa New York: yanayotokea kati ya mgonjwa na mtaalamu, mapenzi leo chuki kesho, ndiyo yanayochunguzwa pale pale. Uholanzi walizishindanisha hizi mbili kwa miaka mitatu, mara mbili kwa wiki, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba skima ilifanya vizuri zaidi na wagonjwa wachache zaidi walikimbia. Lakini mara mbili kwa wiki kwa miaka mitatu, kwa mtu wa Pemba! Nazitaja ili uzijue, si kwa kuzipendekeza.

Ipi basi inashinda? Seattle, mwaka 2006, wanawake waliotibiwa kwa DBT walijaribu kujiua kwa kiasi cha nusu ya wale waliotibiwa na wataalamu wengine mashuhuri wa mji huo. Ukiishia hapo utauza mikarafuu. Lakini miaka mitatu baadaye, Kanada, Shelley McMain na wenzake waliwagawa wagonjwa 180 makundi mawili kwa mwaka mmoja. Kundi moja lilipata DBT kamili. La pili lilipata huduma ya kawaida ya daktari wa akili, ila ya kawaida iliyopangwa: miadi ya kila wiki isiyoyumba, mtu mmoja anayemjua mgonjwa, maelezo ya maradhi, dawa kwa hadhari. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, kujiumiza kukapungua kote, na hakuna lililomshinda mwenzake. Mwaka 2020 yakakusanywa majaribio 75 yenye watu zaidi ya 4,500. Tiba iliyotengenezwa mahususi inashinda huduma ya hivi hivi, lakini zenyewe kwa zenyewe hakuna bingwa aliye wazi. Majaribio hayo karibu yote ni ya Ulaya na Amerika, na wagonjwa wake wengi ni wanawake. Nasi tunayasoma tukijua hivyo.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Ukizivua majina tiba hizi unakuta mifupa ile ile: mtu mmoja aliyefunzwa, siku moja isiyobadilika, mpango wa dhiki uliokubaliwa kabla dhiki haijaja, maelezo ya maradhi yanayomvua mgonjwa lawama bila kumvua wajibu, na mtaalamu asiyekimbia akitukanwa. John Gunderson wa McLean aliigeuza huduma hiyo "ya kawaida" kuwa njia inayoweza kufundishwa kwa daktari au muuguzi yeyote wa akili, bila timu kubwa. Moja ya nasaha zake naipenda kwa sababu inagusa ile nusu iliyochelewa kupona: kazi kabla ya mapenzi. Mgonjwa asaidiwe kupata shughuli inayompa saa zake za siku, ndipo yafuate mambo ya uchumba. Kwa mdogo wako hiyo inaweza kuwa kurudi masomoni kidogo kidogo, au kufundisha watoto asubuhi, au duka. Chochote chenye saa ya kuamkia na watu wanaomtegemea kidogo. Sitaki kusikia anatafutiwa mchumba mpya "ili atulie".

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Muulizieni, Wete au Chake Chake, nani anayeshika kliniki ya afya ya akili, na ombeni muuguzi au daktari mmoja awe wake, siku moja kila wiki. Aandikiwe barua ya rufaa apande meli mara moja Unguja akaonwe hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, utambuzi uthibitishwe na dawa ziangaliwe. Stadi za DBT anaweza kujifunza kwa simu ya video na mwanasaikolojia wa Unguja au Dar, kila wiki, chumba kimefungwa na wewe uko nje usisikilize. Upungufu wa njia hii naujua: mtandao hukatika katikati ya machozi, na aliye mbali hawezi kumkamata mkono. Kwa hiyo mtaalamu huyo lazima awe na namba yako na ya muuguzi wa Pemba tangu siku ya mwanzo. Kabla hujamlipa muulize amejifunza wapi kazi hii, anashauriana na nani anapokwama, anapokea simu nje ya miadi au hapokei, na atafanya nini mgonjwa akijikata. Akijibu kwamba atamwacha, mshukuru uondoke.

Chumba cha peke yake Dar ndicho kinachonitisha kuliko gharama zake. Kwa mtu huyu, usiku wa peke yake ndio mahali moto unaposhika, na saa tatu za tiba kwa wiki zinaacha saa nyingi sana za ukuta. Akirudi baada ya mwaka atakuta nyumba ile ile, mjomba yule yule. Nitabadilisha kauli yangu ikiwa miezi minne ya mpango huu imepita na bado anajiumiza kama mwanzo. Hapo Dar kwenye timu kamili ya DBT ina haki yake, na wakati huo mikarafuu izungumzwe, kwanza iliyo katika fungu lake, kwa ridhaa yake, na akae kwa ndugu, si chumba cha kupanga.

Mama asomeshe kisomo ikiwa mwenyewe anataka. Nimekaa na watu wengi wanaosomewa huku wanahudhuria kwangu, na sijaona kimoja kikimharibu mwenziwe. Nitasema na hili: kule kuamini ni ruhani mara nyengine humlainisha mzazi, anaacha kumwita mwanawe mbaya. Mipaka yangu ni kwamba asipigwe, asifungwe, asifukizwe mpaka akakosa pumzi, dawa isikatwe, na siku ya miadi isikosekane kwa sababu ya siku ya kisomo.

Na hili la kupuuza. Mkimpuuza mara nne, ya tano ikawa kubwa mkamkimbilia kwa magari na vilio, mmemfundisha kwamba mlango hufunguka kwa pigo la tano. Fanyeni kinyume. Kaeni naye wakati shwari, Ijumaa alasiri, kahawa na kashata, hakuna lolote lililotokea. Akiripuka, semeni machache kwa sauti ya chini: "Naona unaumia sana. Sikuachi. Tukanawe uso kwanza." Kukubali kwamba anaumia si kukubali alichofanya, ya kitendo yatazungumzwa kesho. Usimwahidi usichoweza, usikae naye mpaka alfajiri usiku saba mfululizo ukaja kuzima wa nane, maana wa nane ndio atakaoukumbuka. Gawaneni zamu ninyi ndugu zake wanne, na majina ya zamu yabandikwe jikoni.

Akisema anataka kufa, muulize wazi kama amefikiria namna na lini. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Akiwa na jibu la namna na siku, au akiwa kimya na mtulivu ghafla baada ya siku za vilio akaanza kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake hata msalani, na mwende hospitali usiku huo. Akijikata jeraha la kutaka kushonwa, mwende. Na akimeza vidonge tena, hata viwe Panadol tu, hata akatapika, hata akisema hajambo na amelala vizuri, mpelekeni saa ile ile na pakiti tupu mkononi mumwonyeshe daktari. Paracetamoli huweza kumwacha mtu anacheka siku nzima huku ini linaharibika, na dawa ya kuikata hufanya kazi vizuri zaidi katika saa za mwanzo. Msisubiri kuche.